Mafundi wa Bunia, acheni kufuta: wekeni diski ya pili

BUNIA, Ituri. Ndugu zetu mnaotusoma kwenye simu kutoka kambi ya Kigonze, kambi ya ISP na popote vita vilipowatupa: leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Leo nina ugomvi. Nagombana na neno moja linalosemwa kila siku kwenye meza za mafundi wa kompyuta, kuanzia Boulevard de la Libération hadi vibanda vya Mudzi-Pela. Neno lenyewe ni hili: "Tutaformati tu."

Mashini imekuwa nzito? Tutaformati tu. Imeingiwa na virusi? Tutaformati tu. Windows inagoma kuwaka, inaonyesha rangi ya buluu? Lete, tutaformati tu, upitie jioni. Fundi analisema kama mtu anayesema tutafagia uwanja. Lakini anayeformati diski hafagii. Anabomoa nyumba na vyote vilivyomo, anajenga nyingine tupu mahali pale pale, halafu anakukabidhi ufunguo na kudai malipo yake. Na sisi watu wa Ituri hatuhitaji kufundishwa maana ya kurudi nyumbani na kukuta hakuna kitu.

Yalinipata mimi mwenyewe. Nilipeleka laptop yangu itolewe virusi. Ndani mlikuwa na sauti nilizorekodi kwa miaka: mazungumzo na wazee, akina mama na vijana waliofika mjini kutoka Djugu na Irumu, wengine bado wana vumbi la safari miguuni. Jioni nikarudishiwa mashini safi, inawaka haraka, ina picha mpya ya mlima usoni. Folda zangu hazimo. Fundi akaniuliza, kwa upole kabisa: "Kwani ulikuwa na vitu vya maana ndani?" Baadhi ya wazee wale wamekwisha kufa. Sitamtaja fundi yule, wala sina haja. Angekuwa yeye peke yake, nisingeandika haya.

Kilichomo ndani ya mashini ya sekretariati

Kuna watu wanaodhani kompyuta ni mambo ya ofisi kubwa na ya vijana wa filamu. Waende wakasimame nusu saa katika sekretariati yoyote ya mjini, zile nyumba ndogo za kupiga mashini na kutoa fotokopi, waone nani anaingia. Anaingia mama aliyekimbia na watoto na mfuko mmoja, anataka kadi yake ya mpiga kura iskaniwe, maana hapa kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Anaingia kijana ambaye shule yake kijijini imechomwa, ameshika bulletin moja iliyobaki, nayo imelowa maji. Anaingia mwalimu na diplôme d'État yake ndani ya plastiki. Anaingia mjane anayetaka kupigiwa barua ya kuomba hati ya kupoteza vitambulisho.

Tangu mapigano yaliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, watu wetu wamekimbia mara moja, mara mbili, wengine wameacha kuhesabu. Waliopona usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 katika kambi ya Plaine Savo walikuwa tayari wakimbizi walipolazimika kukimbia tena. Katika mbio za namna hiyo karatasi haibaki. Kinachobaki, mara nyingi, ni nakala iliyoskaniwa siku moja kwenye mashini ya sekretariati fulani na kusahauliwa ndani ya folda inayoitwa "Nouveau dossier (3)". Mwenye sekretariati hajui kwamba ametunza akiba ya watu. Fundi ndiyo kabisa. Siku anapobonyeza "Formater", huenda anafuta ushahidi wa mwisho kwamba mtoto fulani alimaliza shule ya msingi, au kwamba baba fulani alikuwa na jina na mahali alipozaliwa.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi peke yao. Ni letu sote.

Kwa nini nalisema sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wake wa nyongeza. Mashini haizimiki kwa sababu hiyo. Inaendelea kuwaka kama jana. Lakini matundu mapya yakionekana, hayazibwi tena, na mashini inayopokea flashi za watu arobaini kwa siku ni ya kwanza kuumwa.

Microsoft inasema: hamia Windows 11. Sawa, lakini Windows 11 inadai chip ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote inazozikubali ni za kizazi cha nane kwenda juu, zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Tazama laptop zinazouzwa hapa sokoni, zilizofanya kazi Ulaya miaka kumi kabla ya kufika kwetu. Nyingi hazifiki hapo. Basi mafundi wanafanya nini? Wanalazimisha. Wanaformati diski yote, wanapachika Windows 11 kwa ujanja, wanaivunja kufuli kwa programu ya wizi iliyopita mikono isiyojulikana, na programu hiyo mara nyingi ndiyo mlango ambao virusi wenyewe wanaingilia. Mteja analipa ili afutiwe vitu vyake na kuletewa ugonjwa mpya.

Ipo njia nyingine, wala si ya kitajiri. Uiache diski ya zamani kama ilivyo, pamoja na Windows yake na folda zake. Uweke diski ya pili. Juu ya diski hiyo ya pili uweke Linux. Mashini inakuwa na milango miwili: ukiwasha, unachagua unaingia wapi. Kazi ya intaneti, ya barua, ya kufungua flashi za wateja, inafanyika Linux. Kazi inayodai Windows inabaki Windows.

Nawagombeza na wapenzi wa Linux

Hapa lazima niwe wa haki, maana kosa haliko upande mmoja. Tunao vijana waliosoma informatique katika vyuo vya hapa mjini ambao wameipenda Linux kama dini. Ukiwapa mashini wanaifuta Windows yote, wanaweka Linux peke yake, wanaondoka wakicheka. Kesho yake mwenye sekretariati anagundua kwamba printa yake haina programu ya Linux, au kwamba faili la hesabu lililotengenezwa kwa Excel limevurugika meza. Siku ya tatu anamrudia fundi wa kwanza, naye anafanya alichozoea: anaformati tena. Familia zilizokuwa na nakala mle ndani zimefutwa mara mbili kwa wiki moja, mara ya kwanza kwa uvivu na mara ya pili kwa ushabiki.

Anayefuta kwa sababu anaipenda Linux na anayefuta kwa sababu haijui, kwa yule mama wa Kigonze ni mtu mmoja.

Kwa nini diski mbili, si moja iliyokatwa katikati

Fundi mwenye kujua ataniambia: hakuna haja ya diski ya pili, tunaweza kuigawa ile moja, nusu Windows, nusu Linux. Ni kweli, inawezekana, na duniani wengi wanafanya hivyo. Lakini wao hawaishi Bunia.

Kuigawa diski yenye vitu ni kuvisogeza vitu hivyo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kuchukua saa nzima. Umeme ukikatika katikati, na hapa kwetu umeme haukatiki kwa kuaga, data iliyokuwa njiani inapotea, na pengine diski yote haifunguki tena. Tena diski zetu nyingi ni za zamani, za kuzunguka, zimechoka. Kuifanyisha diski iliyochoka kazi kubwa namna hiyo ni kama kumpakia mgonjwa magunia. Na hata ikifaulu, siku diski ile itakapokufa, Windows na Linux vinakufa pamoja.

Diski mbili zinakufa kila moja kwa siku yake. Hilo peke yake linatosha kwangu.

Namna ya kuifanya bila kumuumiza mtu

Sitaki kusikia kwamba nimelaumu bila kuonyesha njia. Njia ni hii, na fundi yeyote wa hapa anaiweza.

Kwanza, tafuta flashi ya GB 8 na uiandalie Linux Mint au Ubuntu. Linux Mint ina karibu GB 3, Ubuntu inapita 5. Najua bei ya mega. Lakini inatosha mtu mmoja kuidownload mara moja, kisha akawapa wenzake wote. Hapa kunakili si wizi: leseni yenyewe inaruhusu.

Pili, kabla ya kugusa chochote, washa mashini kwa flashi hiyo bila kuiweka Linux ndani. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi na kukuonyesha diski ya Windows, hata kama Windows yenyewe imegoma kuwaka. Nakili mafaili ya mteja kwenye diski ya nje. Mafundi wetu, nawaomba mlisome tena jambo hili: Windows kugoma hakumaanishi mafaili yamekufa. Vivyo hivyo kwa ile virusi ya raccourci tunayoijua wote, inayoficha folda za flashi na kuacha alama bandia. Ifungue flashi hiyo katika Linux, mara nyingi utaziona folda zote zimo, zilifichwa tu. Mama anayelia kwamba flashi imekula picha za marehemu mumewe, mara nyingi bado anazo.

Tatu, kama Windows inawaka, ingia kwenye mipangilio ya umeme na uzime "démarrage rapide". Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, inalala nusu jicho, na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake kwa kuogopa kuiharibu. Tazama pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, andika clé de récupération kwenye karatasi kwanza. Bila namba hiyo, hata mimi na wewe na Microsoft pamoja hatutaifungua.

Nne, na hapa ndipo penye siri yote: zima mashini, chomoa umeme na betri, kisha itoe diski ya Windows. Ndiyo, itoe, iweke mezani unapoiona. Weka diski ya pili peke yake. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya waya mbili. Kwenye laptop ya zamani diski ya Linux inakaa mahali pa DVD kwa kutumia kifremu chake, au nje ndani ya sanduku la USB. Kwa nini tusiache zote mbili ndani? Kwa sababu programu ya kuweka Ubuntu kwa miaka mingi imekuwa na tabia mbaya: hata ukiiambia itumie diski ya pili, kile kipande kinachowasha mfumo inakipeleka kwenye diski ya kwanza. Siku moja ukiitoa diski moja, nyingine haiwaki, na watu wanasema Linux imeharibu Windows. Diski iliyo mezani haiwezi kuharibiwa na programu yoyote, wala na fundi aliyesinzia.

Tano, weka Linux. Chagua Français, chagua klavye ya azerty, la sivyo mteja ataandika "qujourd'hui" siku nzima. Swali la "effacer le disque" litatokea. Safari hii jibu ndiyo bila hofu, maana mle ndani hamna kitu cha mtu.

Sita, rudisha diski ya Windows mahali pake. Unapowasha, bonyeza kitufe cha menyu, F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP, na uchague diski unayotaka. Mwonyeshe mwenye mashini, umfanyishe mwenyewe mara tatu kabla hajaondoka.

Liko jambo moja dogo linalowafanya watu waseme mashini imelogwa. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa mbili. Ni saa 4 asubuhi hapa Bunia, Windows inasema ni saa 2. Hakuna uchawi. Linux inatunza ndani ya mashini saa ya dunia, Windows inaamini saa ile ni ya hapa, na sisi tuko saa mbili mbele ya saa ya dunia. Katika Linux andika amri hii mara moja, timedatectl set-local-rtc 1, na ugomvi umekwisha. Kwa sekretariati inayopiga barua zenye tarehe na saa, msiliache.

Wanaosema haiwezekani

Wa kwanza anasema: diski ya pili ni pesa. Ni kweli, na najua hali ya mifuko yetu. Lakini Linux Mint haidai diski kubwa, GB 120 inaitosha na kubaki. Na kila fundi hapa mjini ana kona ya mashini zilizokufa. Mashini ilikufa bodi, diski yake nzima. Ipime, kama bado ina afya iwekee Linux. Halafu linganisha bei hiyo na nauli ya kurudi kijijini kutafuta cheti ambacho hata jengo lililokitoa halipo tena.

Wa pili anasema: Linux ni ya wazungu na wahandisi, watu wetu hawaiwezi. Ndugu yangu, simu ya Android iliyo mfukoni mwako inatembea juu ya Linux, na bibi yako anaitumia kutuma sauti kwa WhatsApp. Jandarmeri ya Ufaransa imeiweka Linux kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta zake, na si kwa sababu askari wake wote ni wahandisi. Na tusisahau: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichukua programu huria ya ofisi na kuifanya izungumze Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waswahili waliiweza zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Wa tatu ni mgumu zaidi, kwa sababu anasema ukweli: wateja hawaombi. Mteja anataka mashini yake jioni, iwe nyepesi, basi. Lakini mgonjwa naye haombi daktari anawe mikono. Daktari ananawa kwa sababu yeye ndiye anayejua. Fundi, wewe ndiye unayejua.

Na sisi tusijidanganye

Diski ya pili haikutunzii chochote kwa kuwepo tu. Kama nakala za watu ziko upande wa Windows peke yake, bado una nakala moja, na nakala moja ni sawa na nusu ya nakala. Kila wiki, ukiwa ndani ya Linux, nakili folda ya kazi kutoka diski ya Windows kwenda diski ya Linux. Kisha, mara moja kwa mwezi, weka nakala ya tatu kwenye flashi na uipeleke mtaa mwingine kabisa, kwa ndugu unayemwamini. Moto, mwizi au watu wenye silaha hawachagui diski. Na kwa kuwa hizo ni karatasi za watu, funga akaunti kwa neno la siri. Orodha ya majina ya waliokimbia si kitu cha kuacha wazi katika mji wetu huu.

Basi nawaambia kila mmoja lake. Fundi: kuanzia leo, kabla ya kuformati, uliza, nakili, na umwombe mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba amekubali. Mwenye sekretariati: usimwache fundi peke yake na mashini inayobeba vyeti vya mtaa mzima. Mashirika mnaoleta kompyuta kambini na shuleni: leteni na diski ya pili, na mumfundishe mtu mmoja wa pale pale, asiwe mgeni anayeondoka na gari.

Na wewe mama, wewe papa uliye Kigonze au kwa jirani aliyekupokea hapa mtaani: nenda wiki hii kwenye sekretariati ulikoskanisha karatasi zako. Taja jina lako, mwombe akufungulie folda, na udai nakala yako kwenye flashi au kwenye simu. Usione haya. Ni vyako. Nenda kabla mashini ile haijaanza kuwa nzito.